Kabla hujafungua njia mpya mgodini, chora kwanza hewa itapita wapi

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa usimamizi wa mgodi mmoja wa tanzanite hapa Mirerani, chini tulikuwa na njia mbili tu na hewa haikutusumbua. Mmiliki akapata matumaini ya mawe upande wa pili, akaamua tufungue njia ya tatu. Tukapanga baruti, magogo, chakula cha wanaapolo, yaani vijana wachimbaji, na zamu za winchi. Hewa hatukuipanga. Tuliona bomba lipo, basi tutaliunga kadiri tunavyosonga.

Tulipofika mita 80 hivi, vijana wakaanza kupanda juu wakisema kichwa kinagonga na miguu haina nguvu. Nikamwendea mmiliki: "Mzee, kule mbele hewa ni nzito." Akanijibu kwa nia njema kabisa, "Ongeza kompresa nyingine." Tukaongeza mashine hiyo ya kukandamiza hewa. Vichwa vikaendelea kuuma.

Kwetu hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini Juni 2002, hapa hapa Mirerani, zaidi ya wachimbaji 30 walifia chini kwa kukosa hewa salama. Ndiyo maana naandika haya kwa yeyote anayesimamia mgodi unaokua, awe kwenye tanzanite au kwenye dhahabu ya Geita, Kahama au Chunya.

Nianze na hiyo kompresa, maana ndiyo imani yetu kubwa. Kompresa inayotoa futi za ujazo 375 kwa dakika inakupa mita za ujazo 0.18 kwa sekunde. Sasa chukua njia yenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 2. Ili hewa isogee humo japo kwa mwendo wa mita 0.3 kwa sekunde, unahitaji mita za ujazo 1.2 kila sekunde, yaani karibu mara saba ya kompresa hiyo. Kompresa ni ya kuendesha mashine za kuchoronga, yaani kutoboa mwamba. Kazi ya kupeleka hewa ya kupumua ni ya feni yenye bomba pana. Kisha nenda ukaangalie kompresa yako imeegeshwa wapi. Yetu ilikuwa imekaa mahali ambapo upepo ukigeuka, moshi wa dizeli unarudi kwenye kichujio chake chenyewe. Tulikuwa tunanyonya sumu juu na kuwapelekea vijana chini kwa mpira.

Halafu kuna hesabu ya moshi wa baruti, na hii ndiyo ilinifungua macho. Njia ile ya mita 2 kwa 2, ikiwa na urefu wa mita 120, inabeba mita za ujazo 480. Kwa feni inayofikisha mita za ujazo 1.2 kwa sekunde pale mbele, hewa yote inabadilishwa mara moja kwa dakika 7 hivi. Mara moja haitoshi, kwa sababu hewa safi inachanganyika na moshi, haiufukuzi kama ng'ombe zizini. Mimi nahesabu mara tano, yaani zaidi ya nusu saa. Njia hiyo hiyo ikifika mita 300, kwa feni ile ile, mara tano ni zaidi ya saa moja na dakika 20. Na hapo sijahesabu hewa inayovuja njiani. Kwa hiyo mgodi unaorefuka huku muda wa kusubiri baada ya kulipua ukibaki ule ule unawapeleka watu kwenye moshi kila siku, hata kama hakuna aliyeamua hivyo.

Na moshi unaouona siyo wa kuogopwa zaidi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Wazee wengi walitufundisha kushuka na mshumaa: ukizimika, rudi. Mshumaa unakuambia oksijeni imepungua, basi. Kaboni monoksidi inaweza kukuangusha na mshumaa ukaendelea kuwaka vizuri pembeni yako. Nunua kipima gesi. Ni ghali, najua, lakini nimeona migodi inabadilisha gari la tajiri kabla ya kununua kifaa hicho, na jambo hilo linaniumiza.

Baada ya vichwa vile kuuma, tulisimamisha njia ya tatu wiki mbili. Tukachukua karatasi, tukachora mgodi wote: kila njia, kila kona, kila tundu. Kwa kalamu ya bluu tukachora hewa safi inakoingia, kwa nyekundu hewa chafu inakotoka kwenda nje. Tatizo likaonekana bila mtu kubishana: bluu na nyekundu zilikuwa zinatumia shimo moja. Hewa iliyopita kwenye moshi ilikuwa inakutana na hewa safi mlangoni, na feni yetu, iliyofungwa karibu mno na kona, ilikuwa ikiivuta tena na kuirudisha ndani. Tungeongeza feni kumi, zingezungusha uchafu ule ule.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika upanuzi liwe njia ya pili ya kutokea hewa. Ni kazi ya miezi na haileti jiwe hata moja, ndiyo maana kila mmiliki anataka iwe ya mwisho. Mng'ang'anie. Siku shimo la kwanza likiziba, njia hiyo ndiyo itakayotoa watu. Sisi tulitumia shimo la zamani lililoachwa, tukaliimarisha na kuliunganisha. Ila usidhani mashimo mawili peke yake yamemaliza kazi. Usiku wa Julai, nje kukiwa na baridi, hewa ya joto ya mgodini inapanda na kutokea kwenye shimo ambalo mdomo wake uko juu zaidi. Mchana wa jua kali inaweza kusimama kabisa au kugeuka upande. Feni ndiyo inayoilazimisha ifuate mshale uliouchora.

Kuhusu bomba, usifanye ubahili wa kipenyo. Ukikipunguza kwa nusu, kusukuma hewa ile ile kunadai nguvu mara 32. Na ukitaka hewa maradufu kwenye bomba lile lile, andaa nguvu mara 8. Tundu lililotobolewa na jiwe lizibwe siku hiyo hiyo.

Sasa mtobozano, yaani njia za migodi miwili kukutana chini ya ardhi, ambao kwetu Mirerani ni sehemu ya maisha. Watu wanauzungumzia kama ugomvi wa mawe na mipaka. Mimi nautazama kama tundu jipya kwenye mchoro wangu. Siku tulipotobozana na jirani, vijana walifurahi kwa sababu upepo mzuri ulianza kupita. Kumbe ile ilikuwa hewa ya njia ya tatu inayokimbilia kwa jirani kwa kuwa huko kulikuwa na wepesi, na mwisho wa njia yetu ukabaki hauna hewa safi. Siku ya nne jirani alilipua saa moja jioni, hewa ikageuka, na moshi wake ukaja kwetu tukiwa na watu 11 chini. Tuliwatoa wote, wawili wakitapika. Kesho yake nilikwenda kwa meneja mwenzangu, tukaandikiana saa za kulipua na namba za simu, kisha tukajenga ukuta wa mawe na saruji pale penye tundu. Kama michoro yako inaonyesha unamkaribia jirani, nenda ukazungumze naye kabla mwamba haujatoboka.

Kupima mwendo wa hewa hakuhitaji maabara. Pima mita 10 ukutani, rusha poda kidogo hewani, hesabu sekunde. Sekunde 30 ni mita 0.33 kwa sekunde; punguza kama moja ya tano, maana katikati ya njia hewa hukimbia kuliko ukutani, kisha zidisha kwa eneo la njia. Ninafanya hivyo kila Jumatatu, na kila njia inaposonga mita 20, kabla ya kuruhusu kuchoronga tena. Vumbi nalo lisiachiwe feni: choronga kwa maji. Wenzangu wengi mno wamepita hospitali ya Kibong'oto wakiwa na vifua visivyopona.

Na umeme ukikatika? Mwenye zamu ya jenereta ana simu ya waya hadi chini, na ana ruhusa yangu ya kuwatoa wote bila kumuuliza mtu, hata mmiliki akiwa amesimama hapo. Feni ikirudi inazunguka kwanza, mtu mmoja anashuka na kipima gesi, mwingine akimfuata kwa umbali wa kuonana taa. Wakisema pazuri, ndipo wengine wanavaa kofia.