Umewasha sched_process_exec na programu inayofeli haionekani? Soma hapa

Mkuu wa Iringa, umeuliza kwa nini umewasha sched_process_exec, ile tresipointi (sehemu ya kurekodi matukio ndani ya keneli ya Linux) inayoandika programu zinapoanza, lakini programu yako inayogoma kuanza haitokei kabisa kwenye trace_pipe, faili unalosomea rekodi hizo. Hili limenitesa na mimi hapa Mbeya mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya asubuhi Mwanjelwa, ngoja nikueleze nilivyolimaliza.

Fungua fs/exec.c kwenye kodi ya keneli, tafuta fankisheni ya exec_binprm. Utakuta keneli inazunguka inawauliza wasomaji wake, wa ELF (muundo wa programu zilizokompailiwa), wa skripti na wengine, nani analijua faili hili, na jibu likiwa hasi inatoka hapohapo. Hiyo trace_sched_process_exec imekaa chini baada ya luupu, kwa hiyo inaandika waliofanikiwa tu. Aliyefeli keshaondoka.

Kwangu ilikuwa skripti ya bekapu ya jamaa mmoja wa duka la mchele. Ukiiita inasema faili halipo, ukipiga ls lipo, ruhusa zote zipo. Ukiwasha sys_exit_execve, tresipointi ya jibu la keneli baada ya kuombwa kuanzisha programu, unapata -2, yaani kuna kitu hakipo, ila kipi? Hapo ndo nikaona bora niongeze tresipointi yangu.

Nikaandika TRACE_EVENT (makro ya kutengeneza tresipointi) ndani ya include/trace/events/sched.h, inabeba vitu vitatu, jina la faili, jina la kinacholiendesha na jibu la kosa (bprm ni rekodi ya keneli ya exec inayoendelea), yaani bprm->filename, bprm->interp na ret, halafu nikaiita pale kwenye if (ret < 0) kabla ya return. CREATE_TRACE_POINTS, inayozalisha kodi ya tresipointi, usiiweke exec.c, ipo tayari kernel/sched/core.c na ukirudia linka itagoma. Na majina yanakili kwa makro za __string na __assign_str, usihifadhi pointa mkuu, bprm inafutwa exec ikiisha na wewe trace unaisoma baadaye, utasoma takataka. Kuanzia keneli 6.10 __assign_str inachukua hoja moja tu, zamani zilikuwa mbili, mafunzo mengi ya mtandaoni bado ni ya zamani. Kuhusu uzito usiwe na wasiwasi, kwenye x86-64 ikiwa imezimwa ni nop tu, agizo lisilofanya kitu, basi.

Nikakompaili usiku kucha, asubuhi nikabuti, nikaita skripti. Mstari ukatoka umevurugika, mwanzo wake umeliwa na maneno ya mwisho. Nikapiga cat -A trace_pipe ndo nikaona interp=/bin/bash^M. Aisee nilisimama kwenye kiti! Skripti ilihaririwa kwenye Windows, mistari yake inaishia na \r, kwa hiyo keneli ilikuwa inatafuta faili linaloitwa /bin/bash pamoja na hiyo herufi isiyoonekana, na kweli halipo. Tunaliona kwa sababu load_script inabadilisha bprm->interp kwanza ndo inajaribu kulifungua. sed -i 's/\r$//' ikamaliza kazi.

Kwako sasa, kumbuka faili lenyewe lingekuwa halipo usingefika hata exec_binprm, ungekwama mapema kwenye kulifungua. Kwa hiyo pointi hii ikitoa -2 ujue faili lipo, kinachokosekana ni kile linachokitegemea. Ila interp ikirudi na jina lilelile la programu, hiyo ni ELF na loda yake (programu inayoipakia ianze) ndo haipo kwenye sava, maana load_elf_binary haigusi bprm->interp. Hapo piga readelf -l uone inataka loda gani, kisha bandika mstari wako hapa tuuangalie.