Futa kipengele cha tano kabla hakijaua mtu (jibu kwa mleta mada wa Tabora)

Mdogo wangu, umetuletea rasimu ya kanuni za mashindano yenu ya magari tukushauri. Futa kipengele cha tano leo, usingoje kikao. Hicho kinachosema "magari yote yachomolewe fyuzi ya ABS na TRC kabla ya kuondoka ili dereva ashinde kwa mguu wake, kama Formula 1". ABS ni mfumo unaozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki; TRC ni traksheni kontroli, inazuia tairi zisisage bure ukikanyaga mafuta. Umeuliza pia madaraja, zawadi, helmeti, na kama kweli timu ya Benetton iliiba ubingwa wa Formula 1 wa 1994. Hayo yanaweza kusubiri. Hiki hakisubiri, maana umesema mnakimbilia moramu ya upande wa Sikonge na magari mengi ni Toyota za kawaida za mtaani.

Huyo "mtaalamu" aliyekuandikia kanuni hizi ananiuma roho. Kipengele hichohicho kililetwa huku Kigoma na mtu wa aina yake, hajawahi kufungua boksi la fyuzi maishani, akaandika kwa mbwembwe, kazi ya kukagua akawaachia wengine. Matokeo yake ni watu waliokuwa wanaazimana jeki leo hawasalimiani Mwanga sokoni. Na hapo tulibahatika, hakuna gari lililopinduka.

Sikiliza. Fyuzi ya ABS haizimi ABS peke yake. Kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000, kitengo kilekile cha ABS ndicho kinachogawa nguvu ya breki kati ya tairi za mbele na za nyuma. Kwenye kitabu cha gari utaona kimeandikwa EBD. Magari ya zamani yalikuwa na vali ya chuma kwenye bomba la breki za nyuma, ukikanyaga sana inabana presha. Magari mengi ya sasa hayana vali hiyo tena, kazi imehamia kwenye kompyuta. Chomoa fyuzi, na breki za nyuma zinapokea presha bila wa kuipunguza. Dereva akikanyaga kwa nguvu uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, tairi za nyuma zinafunga kwanza, mkia unapita mbele. Kwenye lami kavu pengine atapona. Kwenye moramu yenye kokoto zinazobiringika, kona ikiwa mbele yake na watazamaji wamesimama upande wa nje, hapo hakuna wa kumlaumu ila aliyeandika kanuni.

Namna ya kujua: washa gari, shusha hendibreki, hakikisha mafuta ya breki yamejaa. Ikibaki imewaka taa ya njano ya ABS peke yake, kwa kawaida mgao wa breki bado upo. Ikibaki imewaka pamoja na ile nyekundu ya breki yenye alama ya mshangao, mgao umekufa, na gari hilo halifai kukimbia hata peke yake. Kuna mengine ukichomoa fyuzi hiyo spidomita inalala kwenye sifuri, na gia boksi ya otomatiki inaanza kugoma kubadilisha gia, kwa sababu vyote vinasoma sensa zilezile za tairi.

Anayetaka kuzima TRC na VSC (inayozuia gari lisiteleze kwenye kona) atumie kitufe. Kwenye Toyota nyingi, ukibonyeza mara moja unazima TRC tu; gari likiwa limesimama, ukishikilia kama sekunde 3 vinazimika vyote viwili na taa inawaka. ABS na mgao wa breki vinabaki kazini. Ukizima injini na kuwasha tena, vinarudi vyenyewe, kwa hiyo dereva akumbushwe pale kwenye mstari.

Sasa nielewe vizuri. Simaanishi umlazimishe mtu kuzima. Namaanisha usikataze usichoweza kukipima. Kanuni yangu ni hiyo moja tu, nyingine zote mpange mnavyotaka.

Fikiria mkaguzi wako na kipengele cha tano mkononi. Anafungua boksi, anaona nafasi ya fyuzi iko tupu, anatia tiki. Lakini mwenye gari ameshavuta waya mwingine na swichi chini ya dashibodi, umeme unarudi baada ya kona ya kwanza. Taa za dashibodi? Zinazimwa kwa kipande cha selotepu nyeusi. Mashine ya kusomea kontroli boksi (kompyuta ya injini) itakuonyesha hali ya sasa hivi, gari limesimama mbele yako, haikuonyeshi kilichotokea kilomita tatu nyuma kwenye vumbi. Na mwenye kontroli boksi ya kuandikiwa programu hahitaji ABS kabisa ili awe na traksheni kontroli. Basi kipengele kinamfunga nani? Yule mwaminifu, aliyechomoa kweli, ambaye sasa ndiye mwenye breki mbaya kuliko wote.

Umeandika "kama Formula 1", haya, tuitazame. Mwaka 1993 gari la Williams FW15C alilochukulia ubingwa Alain Prost lilikuwa na sasipensheni inayoongozwa na kompyuta, ABS na traksheni kontroli. Kwa msimu wa 1994 FIA, shirikisho linalosimamia mashindano ya magari duniani, ikapiga marufuku vyote. Malalamiko yalikuwa ya haki: gharama zilipaa na kompyuta ilikuwa imeanza kufanya kazi ya dereva. Ukaguzi ndio uliowashinda.

Traksheni kontroli ya kawaida inalinganisha kasi ya tairi za nyuma na za mbele. Za nyuma zikizidi, inakata moto wa plagi au mafuta ya nozeli kwenye baadhi ya silinda mpaka tairi zishike. Hiyo ina sensa na nyaya, unaweza kuisaka. Ila mjuzi anaweza kuandika ile isiyohitaji sensa ya tairi. Inatazama tu injini inavyopanda mizunguko. Kwenye gia ya pili, tairi zikiwa zimeshika, injini ina mwendo wake wa kupanda. Ikipanda ghafla kupita huo, maana yake tairi inasaga bure, basi kata moto. Hakuna kifaa cha kushika mkononi, ni mistari michache ndani ya programu ileile inayoendesha injini.

Baada ya mashindano ya Imola, Italia, ambako Ayrton Senna alifariki tarehe 1 Mei 1994, FIA ikadai programu za Benetton, Ferrari na McLaren na kuzipeleka kwa kampuni ya Uingereza iitwayo LDRA. Benetton na McLaren walichelewa kutoa, kila mmoja akatozwa faini ya dola 100,000. Ndani ya programu ya Benetton ikakutwa ile ya kuondokea, inayoshika klachi, gia na mizunguko yenyewe gari likiondoka kwenye mstari. Orodha kwenye skrini ilionyesha vipengele kumi. Hii ilikaa nafasi ya 13, haionekani, lakini ukishuka mpaka hapo inawaka. Benetton wakasema ni mabaki ya zamani na hawakuitumia. FIA haikuweza kuthibitisha kwamba ilitumika, ikaishia hapo. Michael Schumacher wa Benetton akawa bingwa kwa pointi 92 dhidi ya 91 za Damon Hill, na mpaka leo ukitaja jambo hilo watu wanakunjana mashati.

Sasa linganisha na mashindano ya Spa, Ubelgiji, mwaka uleule, timu ileile, dereva yuleyule. Chini ya gari palikuwa pamefungwa ubao wa unene wa milimita 10, unaruhusiwa kulika milimita 1. Wa Schumacher ulikuwa umelika kupita kiasi. Wakapima, wakamnyang'anya ushindi. Timu ilijitetea kwamba ubao uliharibika gari lilipozunguka na kupanda ukingo wa njia, haikusaidia. Kipande cha mbao kilifanya kazi ambayo jopo zima la wasoma programu halikuiweza. Kanuni ya ubao bado ipo. Kwenye mashindano ya Austin, Marekani, mwaka 2023 madereva Lewis Hamilton na Charles Leclerc walifutiwa matokeo kwa hiyohiyo.

Na ile marufuku ya traksheni kontroli? FIA walinyoosha mikono. Kuanzia mashindano ya Hispania ya 2001 wakairuhusu tena, kwa sababu wasingeweza kumtofautisha anayeiba na asiyeiba. Programu ya kuondokea iliondolewa 2004, traksheni kontroli 2008. Safari hii ikashika, kwa nini? Timu zote zililazimishwa kutumia kontroli boksi moja, iliyotengenezwa na McLaren Electronic Systems wakishirikiana na Microsoft. MotoGP, mashindano ya pikipiki, nao 2016 hawakukataza traksheni kontroli, walimpa kila mmoja programu moja ya Magneti Marelli.

Hata wenye vipimo wanapigwa chenga. Kwenye rally, timu ya Toyota ilifungiwa miezi 12 mwaka 1995 baada ya mashindano ya Catalunya, Hispania. Tundu la hewa ya turbo lilitakiwa lisizidi milimita 34, wao wakabuni kifaa kinachopitisha hewa pembeni ya tundu hilo, na ukikifungua kukikagua kinajirudisha kilivyotakiwa kuwa. Mwaka 2019 injini ya Ferrari ilishukiwa kuhusu mafuta, ambayo kikomo chake kilikuwa kilo 100 kwa saa. FIA ikasema haikuridhika kabisa lakini haina ushahidi wa kutosha, ikamalizana nao kwa makubaliano ya siri Februari 2020, na timu saba zikalalamika hadharani. Dawa ikawa kufunga mita ya pili. Hao ni FIA, wenye wahandisi wa kuajiriwa. Wewe una vijana wawili na tochi.

Halafu kuna jambo ambalo mshauri wako hakulijua kabisa. Kwenye moramu legelege ABS si faida kila mahali. Tairi iliyofunga inakusanya kokoto mbele yake na kokoto hizo zinasaidia kulizuia gari. ABS inaachia tairi, rundo halijengeki, na gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Anachopata mwenye ABS ni uwezo wa kukata kona akiwa amekanyaga breki. Kwa hiyo ulikuwa unahatarisha watu ili kuondoa faida ambayo kwenye njia yenu nusu yake haipo.

Andika vinavyopimika. Ukubwa wa injini kwa cc (ujazo wake), yenye turbo zidisha kwa 1.7 kama ilivyozoeleka kwenye rally, halafu liweke kwenye daraja linaloangukia. Tairi mbili zinazovuta au nne, daraja tofauti. Tairi za saizi moja ndani ya daraja, zisome ubavuni, upana na kimo, zipigwe alama ya rangi kabla ya kuondoka ili zisibadilishwe njiani. Magari yaondoke moja moja, kila moja lipimwe muda wake kwa saa, kamwe msiyaachie mawili pamoja.

Kama kuna daraja la gari la aina moja, mathalani Toyota IST tupu, unaweza kubadilishana kontroli boksi kwa kura asubuhi ya mashindano. Hapo anayelipia programu ya ujanja anaweza kumpa mpinzani wake. Ila angalia: gari lenye ufunguo wa chipu halitawaka na boksi la mwenzake, kwa hiyo jaribuni wiki moja kabla. Soketi zikishafungwa, paka rangi ya kucha kwenye skrubu, piga picha.

Malalamiko yapokelewe kwa maandishi ndani ya dakika 30 baada ya matokeo kubandikwa, pamoja na amana inayorudishwa malalamiko yakikubaliwa. Mlalamikaji aseme kitu gani kipimwe. Akishindwa kukitaja, usipokee.

Kibali cha AAT (chama cha magari Tanzania) na polisi kipatikane kwanza, kabla hamjachora mstari wowote. Na huyo mshauri wako akibisha kuhusu fyuzi, mwambie akae kiti cha kushoto kwenye gari la kwanza litakalochomolewa, mteremkoni, breki zikanyagwe mara moja tu. Nitumie rasimu mpya nikusomee kipengele cha madaraja kabla hujaibandika.