Kuchaji gari la umeme kwa sola: uliza kwanza gari hushinda wapi mchana

Nyumba yangu iko kilomita 10 kutoka Arua mjini, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mahali ambapo nyaya za umeme hazijafika, na Nissan Leaf niliyoinunua ikiwa imetumika Japani huchajiwa kwa sola peke yake. Wanaotaka ushauri huniuliza idadi ya paneli. Mimi huwauliza kwanza gari lao hushinda wapi mchana.

Wiki ya kwanza nilichaji usiku, kama mtu anavyochaji simu, na betri ya nyumba yenye yuniti 5 (yuniti moja ni kilowati-saa moja) ikaisha kabla ya usiku wa manane. Asubuhi tukakuta friji limezima na maziwa yameharibika. Umeme unaopitia betri ya nyumba kabla ya kuingia katika betri ya gari hupungua kila hatua, na betri hiyo huchakaa kwa kazi isiyo yake. Siku hizi humpeleka mke wangu dukani alfajiri, narudi kufanya kazi zangu nyumbani, na gari huchomekwa saa nne hadi saa tisa, jua likiwa kali.

Kumpeleka na kumfuata jioni ni kilomita 40. Gari hula takriban yuniti 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo nahitaji yuniti 6, au 7 nikihesabu zinazopotea. Chaja yangu hupunguzwa hadi ampea 6, yaani wati 1,440 kwa volti 240, na saa tano zinatosha. Paneli 10 za wati 400 huzimudu. Nilipojaribu ampea 13, inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, ililia kila wingu lilipopita.

Kilichonitesa zaidi, na ambacho muuzaji hakunitajia, ni ethi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini. Chaja iliwasha taa nyekundu ikakataa kabisa, ingawa pasi ilifanya kazi vizuri kwenye soketi ile ile. Fundi wa kwanza alisema chaja imekufa, niagize nyingine. Wa pili, mzee asiye na maneno mengi, alipima kati ya waya wa moto na ethi, akapata volti mia na kitu badala ya 240, akacheka. Inveta nyingi za nyumba zisizo na umeme wa gridi hazina nyutro (waya unaorudisha umeme) iliyounganishwa na ardhi, na chaja ya gari hukagua ethi kabla ya kuruhusu umeme. Alipigilia fimbo ya shaba ardhini, akaunganisha nyutro na ethi mahali pamoja tu, kwenye inveta, kisha akafunga swichi inayokata umeme ukivuja. Kazi hii mwachie fundi aliyesoma kitabu cha inveta yako, kwani si kila inveta inaikubali.

Mvua za Agosti hadi Oktoba huku kwetu hazina huruma, kwa hiyo jua likitoka nachaji hata kama betri bado ina asilimia 70. Mawingu yakifika siku ya tatu, mke wangu hupanda bodaboda, na nauli hunidai mimi.