Jibu: Kuweka michezo ya kasino kwenye tovuti ya kubeti, nianzie wapi?

Mkuu, kama tovuti yako ni ya hapa Tanzania, anzia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kabla hujamlipa mtengeneza programu hata shilingi. Sheria ipo tangu 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Kinachoniumiza mimi ni kasi. Mkeka wa mpira unasubiri dakika 90. Mzunguko wa Aviator, ule mchezo wa kasino wa kindege kinachopaa, unaisha kwa sekunde, na pesa ya simu inaingia papo hapo. Kijana anamaliza kodi ya chumba akiwa kwenye daladala! Mpangie kikomo cha pesa kwa siku tangu anapojisajili. Akiomba kukiongeza, msubirishe walau saa 24. Kitufe cha kujifungia akaunti kionekane wazi. Na meseji za bonasi usiku wa manane, tafadhali usitume.