Re: Papa taiga yuko hatarini kweli au ni kelele tu? (jibu refu, mnivumilie)

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama huyu papa taiga yuko hatarini kweli au watu wa mazingira wanapiga kelele tu, maana wewe kila ukipita mnadani unakuta papa wamelazwa chini kibao. Halafu kuna mdau hapo juu kasema wamalizwe tu kwa sababu wanakula watu. Mimi nimekulia Nungwi, mjomba wangu alikuwa mtu wa jarife, ule wavu wa matundu makubwa wa kunasia papa, na nimetoka naye baharini miaka sita kabla sijakimbilia mjini, kwa hiyo ngoja niseme ninachokijua.

Kwanza hao unaowaona mnadani wengi siyo taiga, papa wako aina nyingi bana. Taiga mdogo utamjua kwa milia ubavuni, ila akikua ile milia inafifia mpaka unaweza kumpita usimjue. Tazama meno: yamepinda upande mmoja kama kishungi cha jogoo, na kingo zake zina vimeno vidogo kama msumeno. Ndo maana anakata gamba la kasa. Tumbo la mmoja tulilipasua tukakuta vipande vya gamba, manyoya ya ndege na mfuko wa plastiki, mjomba akasema huyu hana dini.

Sasa hali yake. Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga viumbe kwa kiwango cha hatari, tathmini iliyotoka 2019, yuko kundi la "karibu na kutishiwa", yaani bado hajaingia kwenye makundi ya hatari yenyewe ila yuko mlangoni. Pingusi wakubwa, wale wenye kichwa cha nyundo, wao wameshafika ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Bahari ni hiyo hiyo na nyavu ni hizo hizo, kwa nini mmoja anapona kidogo mwingine anaisha?

Siku moja ya kaskazi tulivuta jarife alfajiri likawa zito hatari, tukajua tumenasa jiwe, kumbe jike la taiga limeshajifia maana papa akizongwa na wavu asiweze kuogelea anakosa pumzi. Tulilifunga ubavuni tukalikokota mpaka pwani. Mjomba alipopasua tumbo wakaanza kutoka watoto, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja karibu urefu wa mkono wangu, milia imechorwa vizuri kama kanga mpya. Tulihesabu 34. Watoto wa mtaani wakawa wanawarushiana. Mimi nilifurahi nikajua leo pesa ipo, mapezi yana tajiri wake, nyama inatiwa chumvi iwe papa mkavu, ini linatolewa sifa, yale mafuta ya kupaka chombo.

Baadaye sana ndo nikaja kuelewa nilichokiona. Papa wengi wanazaa wachache tu, huyu anaweza kuzaa 30 na zaidi kwa mkupuo, na hapo ndo anapowazidi wenzake. Lakini mimba yake inapita mwaka, miezi 13 mpaka 16, halafu anapumzika, kwa hiyo anazaa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na mpaka aanze kuzaa ni miaka mingi imepita. Ukiua jike moja kubwa kama lile umeua kisima siyo ndoo.

Kitu kingine, taiga ni mgumu. Kwenye dhulumati, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi, pingusi akikaa saa chache kwenye ndoana ashakufa, taiga mara nyingi unamkuta mzima na ukimkata kamba anaondoka zake. Kwa hiyo mvuvi akitaka kumwachia inawezekana kabisa. Kwenye jarife hiyo bahati hana.

Kwa yule aliyesema wamalizwe, Hawaii walishajaribu. Kati ya 1959 na 1976 waliua papa 4,668, taiga wakiwa 554, na watu waliendelea kuumwa vile vile. Australia Magharibi nako 2014 waliweka ndoana wakilenga papa mweupe, wakanasa papa 172, kati yao 163 ni taiga na mweupe hata mmoja hakupatikana! Yaani umemfuata mwizi ukampiga jirani.

Waliofanya tofauti wapo, Bahamas walipiga marufuku dhulumati tangu 1993 na 2011 wakafunga uvuvi wa papa wote, Maldives wakafunga 2010, leo watalii wanalipa hela ndefu kwenda Fuvahmulah, kisiwa cha huko huko Maldives, kupiga mbizi na taiga hao hao. Sema hapo mimi nina neno. Hiyo hela inaingia kwa mwenye boti na hoteli, mtu kama mjomba wangu ukimwambia aache papa kwa ajili ya mtalii atakuuliza watoto wale nini leo, na sina jibu la kumpa. Ila jarife lenyewe nalichukia siku hizi, linabeba mpaka kasa na pomboo.

So mkuu, yupo, ila usimhesabu kama dagaa. Na ukikuta kadogo kenye milia hapo mnadani piga picha ya meno uweke hapa, tuone kama ni yeye kweli au wamekuuzia jina.