Jibu kwa aliyeuliza pa kula Lamu mjini usiku na mfuko usitoboke
Ndugu yangu, kama unafikia mitaa ya Langoni huna haja ya kwenda hoteli za baharini na bei za wazungu, wewe ngoja magharibi iswaliwe kisha toka ushike Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, ukielekea uwanja wa Mkunguni pale mbele ya ngome, utakuta majiko ya makaa yashawashwa na moshi wa mishkaki umejaa uchochoro mzima. Mimi huanza na mkate wa mofa, ule wa kuokwa tanurini, uwe wa moto hasa, ukiumega mvuke unatoka, uuchovye mchuzi wa nazi. Viazi karai navyo usivikose, omba chatne ya ukwaju iongezwe, hawakatai. Biriani ngoja Ijumaa mchana lakini wahi, mi nshawahi kufika saa nane nikaambiwa imebaki ukoko tu😂

Asubuhi ni mahamri na mbaazi, hapo sina la kuongeza. Ila usile ukitembea, punda wa mizigo akikupitia kwenye vile vichochoro sahani yote chini. Na Ramadhani mchana mikahawa mingi imefungwa, kama safari yako iko mwezi huo jipange.