Maswali yenu: kushea faili kati ya kompyuta za nyumbani

Nikihamisha video kutoka laptopu kwenda kompyuta ya mezani kwa waifai ya nyumbani, bando linaliwa?

Haliliwi. Faili inatoka laptopu, inapita kwenye ruta, inaingia kompyuta ya pili. Nje ya nyumba haifiki. Hata intaneti ikikatika, mradi ruta inawaka, kazi inaendelea. Kinachomaliza bando ni kujitumia faili kwa barua pepe au WhatsApp: inapanda hadi seva za mbali, kisha unaipakua tena ilhali kompyuta zenyewe zimekaa meza moja. Hapo unakatwa mara mbili.

Kompyuta zangu mbili za Windows zimeunganishwa kwenye ruta moja lakini hazionani. Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka.

Kuzima na kuwasha hakutasaidia ikiwa Windows yenyewe imeamua kujificha. Kila mtandao unaojiunga nao huwekwa katika kundi la mitandao ya umma au ya faragha, na ukiwa wa umma, kompyuta hukataa kuonekana na wenzake. Ni ulinzi mzuri ukiwa hotelini. Nyumbani, fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta zote mbili, uchague faragha, kisha uruhusu kushea faili.

Hakikisha pia hakuna iliyojiunga na waifai ya wageni. Ruta nyingi huwatenga wageni na vifaa vingine makusudi, na dalili yake ni hiyo hiyo: intaneti ipo, kompyuta hazionani.

Zikiwa bado zimegoma, achana na kuitafuta kompyuta kwa jina lake, tumia namba yake ya mtandao. Kwenye kompyuta yenye folda unayoishea, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, utafute mstari wa IPv4, ndiyo namba yenyewe. Tuseme ni 192.168.1.7. Nenda kompyuta ya pili, fungua dirisha la mafaili, na juu kwenye upau wa anwani andika \\192.168.1.7 kisha ubonyeze Enter. Folda zikitokea, mtandao wako ni mzima; kilichoshindikana ni kutafutana kwa majina tu. Ingia kwenye ruta uitengee kompyuta hiyo namba hiyo hiyo, isije ikabadilika.

Inaniomba jina na nenosiri. Naweka PIN yangu, inakataa.

Lazima ikatae. PIN hufanya kazi kwenye kompyuta ile ile ulikoiweka, haipiti mtandaoni. Kinachotakiwa ni nenosiri la akaunti iliyoko kwenye kompyuta yenye folda, siyo ile uliyoikalia. Wengine watakushauri uzime kabisa ulinzi wa nenosiri ili mambo yawe rahisi. Naomba usifanye hivyo: kila atakayepewa waifai yako ataweza kufungua folda zako. Tengeneza akaunti ndogo ya kushea tu, uipe nenosiri lake, na uiruhusu kwenye folda moja.

Ukishaingia halafu ukakataliwa kuhifadhi kitu, jua kwamba ruhusa ziko mbili: ya kushea, na ya folda yenyewe kwenye diski. Yenye masharti makali zaidi ndiyo inayofuatwa, kwa hiyo kagua zote mbili.

Na kwenye Mac?

Ukiwa ndani ya Finder, bonyeza Command na K, uandike smb://192.168.1.7, kisha uweke jina na nenosiri lile lile.

Nina mashine ya zamani ya Windows XP. Nimeambiwa niwashe SMB 1, toleo la zamani la njia ya Windows ya kushea faili, kwenye kompyuta mpya ili zielewane.

Usiwashe. Ni kupitia udhaifu wa SMB 1 kwamba programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani Mei 2017, ikafunga mafaili na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba udhaifu huo tangu Machi mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha ikaacha kuisakinisha SMB 1 kwenye Windows mpya. Hamisha faili za XP kwa flashi.

Mbona kuhamisha kunachukua muda mrefu hivyo?

Kompyuta zote zikiwa kwenye waifai, kila kipande husafiri hewani mara mbili: kwenda kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta. Unganisha moja kwa kebo, utaona tofauti. Zote mbili ni bora zaidi. Ila kagua kasi. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo muunganisho wa megabiti 100 hupitisha kama megabaiti 12 kwa sekunde, wa gigabiti karibu 110. Gigabaiti 20 zitachukua karibu nusu saa kwenye ule wa kwanza, dakika tatu hivi kwenye wa pili. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane za kebo. Mmoja ukilegea kwenye kichwa chake, muunganisho unaweza kushuka hadi 100 bila kukwambia.

Picha zote za familia nimeziweka kwenye folda ya pamoja. Ziko salama sasa?

Bado. Hiyo ni nakala moja inayofikiwa na watu wengi. Ukifuta faili kwenye folda ya kompyuta nyingine kupitia mtandao, kwa kawaida haipiti kwenye pipa la taka; imepotea. Na kirusi cha kudai fidia kikiingia kwenye laptopu ya mtoto, kitafunga chochote ambacho laptopu hiyo inaruhusiwa kuandika. Wape wengine ruhusa ya kusoma tu, kisha nunua diski ya nje, nakili picha zote, na uichomoe ukimaliza.